Nyumba Mjini, Mmiliki Ughaibuni: Usimamizi wa Nyumba za Kupangisha kutoka Mbali

Katika miji ya Afrika Mashariki nyumba ya kupangisha ndiyo akiba ambayo mtu wa kipato cha kati huiamini kuliko akiba nyingine zote. Mwalimu aliyestaafu, baharia, muuguzi anayefanya kazi Uingereza, dereva wa malori aliyehamia Marekani na mfanyabiashara wa Dubai au Muscat hukutana katika wazo moja, kwamba fedha zilizogeuzwa matofali haziliwi upesi na mfumuko wa bei na kwamba pango la kila mwezi litamtunza mwenye nyumba uzeeni. Ugumu unaanzia hapo hapo, kwa sababu kazi iliyozaa fedha za kujengea mara nyingi ndiyo inayomweka mwenye nyumba mbali na nyumba yake. Wakenya wa ughaibuni peke yao walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 za Marekani mwaka 2024 kwa hesabu za Benki Kuu ya nchi hiyo, na sehemu ya fedha za namna hiyo, Kenya na Tanzania vilevile, huishia katika viwanja na majengo ambayo mwenyewe huyaona kwa wiki chache tu anapokuja likizo.

Umbali unaozungumziwa hapa si wa kuvuka bahari tu. Mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma huku nyumba yake ikiwa Mbagala, Dar es Salaam, au mkulima wa Nyeri mwenye ploti ya vyumba Nairobi, yuko mbali kwa maana ileile, kwa kuwa hawezi kufika siku bomba linapopasuka. Kusimamia nako kuna maana pana kuliko kupokea fedha, kwani humo mna kazi ya kutafuta mpangaji na kumchunguza, kukusanya pango, kutengeneza kinachoharibika, kulipa madeni ya maji na kodi za serikali, kusuluhisha ugomvi na kutunza hesabu za yote hayo. Ili kuepusha utata, neno pango litatumika hapa kwa malipo ya mpangaji, na neno kodi litaachiwa malipo yanayokwenda serikalini.

Wanaoandika au kushauri juu ya jambo hili hulizungumzia zaidi kama suala la uaminifu, yaani namna ya kumpata mtu asiyeiba. Uaminifu ni muhimu, lakini hoja ya uchambuzi huu ni kwamba nyumba nyingi za wamiliki walio mbali haziharibiwi na wezi. Huharibiwa na mpango ambao haumwambii msimamizi kazi yake ni ipi, haumlipi kwa kazi hiyo, haumpi fedha za kuifanyia, na haumpi mmiliki njia ya kujua yanayotokea isipokuwa kupitia kinywa cha msimamizi huyohuyo. Mtu mwaminifu kabisa akiwekwa ndani ya mpango wa namna hiyo, baada ya miaka michache ataonekana mwizi.

Mizizi ya jambo hili

Mmiliki asiyekuwapo si kiumbe kipya katika mwambao. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala kugawanywa kama mirathi, ili mapato yake yaende msikitini, kwa maskini au kwa kizazi cha aliyeiweka. Katika wakfu mmiliki wa asili hayupo daima, maana amekwisha kufariki, na kila kitu hutegemea msimamizi na masharti aliyoachiwa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Zanzibar iliunda chombo cha kuangalia mali hizo, ambacho leo kinajulikana kama Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Masharti ya wakfu yalijibu vizuri swali la nani apewe mapato. Kwa upande wa matengenezo matokeo hayakuwa mazuri hivyo, kwani pango dogo lililokaa miaka mingi bila kubadilika halikutosha kununua chokaa na boriti, na nyumba ya mawe ya matumbawe isiyopakwa chokaa hunywa maji ya mvua mpaka kuta zikapasuka. Funzo lake bado lina uzito, kwamba mpango wa kusimamia kutoka mbali unaogawa mapato kabla ya kutenga fungu la matengenezo huila nyumba yenyewe pole pole.

Mombasa kuna sura nyingine, nayo ni utaratibu unaojulikana kama nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi humruhusu mtu ajenge nyumba juu ya kiwanja bila kumuuzia, na mwenye nyumba humlipa pango la ardhi kila mwezi, huku yeye akipangisha vyumba kwa wengine. Kwa hiyo katika nyumba moja huweza kuwapo wamiliki wawili wasiokaa hapo: mwenye ardhi ambaye warithi wake wametawanyika, pengine hadi ng'ambo, na mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine au mji mwingine. Maadamu pango lilipokewa na watu walijuana, utaratibu huo uliwapa maelfu ya familia makazi ya bei nafuu, lakini kanuni ya sheria isemayo kuwa kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi humwacha mwenye nyumba pabaya siku warithi wa mwenye ardhi wanapoamua kuuza.

Tanzania ilipita njia yake. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Taifa la Nyumba mwaka 1990. Lengo lilikuwa kukomesha unyonyaji wa wenye majumba, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na serikali ikajikuta yenyewe imekuwa mmiliki wa mbali mwenye maelfu ya milango. Chini ya mfumo huo ulistawi mchezo wa kilemba, yaani malipo ya pembeni ambayo mpangaji wa zamani hupokea ili ampishe mpya, na pamoja nao tabia ya mpangaji kupangisha tena kwa bei ya soko huku akilipa pango dogo la shirika. Faida ya nyumba ilikwenda kwa yule aliyekuwa karibu na mlango, akaachiwa mmiliki wa mbali jina tu katika hati. Udhibiti wa pango nao ulifutwa mwaka 2005, sheria ya 1984 iliyokuwa ikiusimamia ilipoondolewa, na tangu hapo uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji Tanzania Bara umebaki kuongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na mkataba wa wahusika wenyewe.

Ndugu kama msimamizi

Mmiliki wa leo, kabla ya kumfikiria mtu mwingine yeyote, humkabidhi nduguye nyumba. Kaka, dada, shemeji au mjomba hupewa chumba kimoja akae bure, na kwa malipo hayo yasiyotajwa anatakiwa kukusanya pango la vyumba vingine, kumwita fundi na kutuma fedha. Mpango huu una nguvu zake ambazo wachambuzi wa mijini huzidharau bila sababu: ndugu anaujua mtaa, anafahamiana na mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hulala palepale, na heshima ya familia humzuia kutoroka. Hakuna kampuni inayoweza kununua ujirani wa namna hiyo.

Wanauchumi huzungumzia tatizo la mwenye mali na wakala wake, yaani hali ambayo mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine anajua mengi kuliko aliyemtuma, na maslahi yao hayafanani. Maelezo hayo yanafaa, ila katika ukoo wa Kiafrika yana pengo kubwa, kwa sababu ndugu hana bwana mmoja tu. Ana mmoja aliyeko Birmingham au Houston, na ana wa pili, ambaye ni ukoo mzima ulioko nyumbani. Mama anapolazwa hospitali, mtoto wa shangazi anapokosa ada, au msiba unapotokea kijijini, macho ya wote huelekea kwa mtu mwenye fedha taslimu mkononi, na mtu huyo ni mkusanya pango. Akikataa ataambiwa ana roho mbaya. Akitoa, mmiliki atapokea nusu ya fedha pamoja na maelezo marefu. Mmiliki naye, aliyeko mbali na mwenye hatia ya kutokuwapo msibani, huona haya kudai hesabu za fedha zilizomzika babu yake. Ndivyo pango linavyogeuka mfuko wa dharura wa ukoo bila mtu yeyote kuamua hivyo, na miaka inavyopita kila upande huamini umedhulumiwa.

Dawa ya hali hii haiko katika kumlaumu ndugu. Inafaa mambo matatu yaliyochanganywa yatenganishwe, nayo ni ujira wa msimamizi, msaada wa familia na mapato ya nyumba. Mmiliki anayemlipa ndugu yake asilimia inayojulikana ya pango lililokusanywa, na anayetenga wazi kiasi fulani cha msaada kwa wazazi kila mwezi, amemwondolea nduguye mzigo wa kukataa, kwa kuwa sasa anaweza kusema kwa haki kwamba fedha zilizobaki si zake. Kuna wanaoona kuwa kuandikiana mkataba na ndugu ni kumtukana. Mawazo hayo yanaeleweka, lakini yamevunja udugu mwingi kuliko mkataba wowote ulivyowahi kuvunja, na hata Kurani, ambayo sehemu kubwa ya mwambao huifuata, inaagiza deni la muda liandikwe na kushuhudiwa bila kubagua ndugu na mgeni.

Dalali na wakala

Anayemwacha ndugu huenda kwa dalali au kwa kampuni ya uwakala, na hawa wawili hawapaswi kuchanganywa. Dalali wa Dar es Salaam ni mtu wa kuunganisha, naye hulipwa mara moja, kwa desturi pango la mwezi mmoja, mpangaji anapoingia. Kwa kuwa hulipwa kwenye kuingia, maslahi yake yako katika kuhama kwa watu: nyumba iliyokaliwa miaka mitano na mpangaji mmoja mtulivu haimpi kitu, ilhali nyumba inayobadilisha wapangaji kila mwaka humlipa kila mwaka. Hilo halimfanyi dalali kuwa mtu mbaya, bali linaonyesha kuwa hafai kupewa kazi ya kusimamia, ingawa wamiliki wengi humpa kwa kuwa ndiye waliyemkuta getini.

Wakala wa usimamizi hulipwa kwa asilimia ya pango lililopatikana, na Nairobi kiwango cha kawaida huwa kati ya 5 na 10. Malipo ya namna hii yanamvuta kuhakikisha vyumba havikai tupu, jambo ambalo ni jema, lakini hayamvuti kutengeneza paa, kwa sababu paa likivuja mwaka huu asilimia yake haipungui mpaka wapangaji waanze kuhama. Ndiyo maana mkataba mzuri wa uwakala hausemi tu atakusanya kiasi gani. Unasema atakagua nini, mara ngapi, na anaweza kutumia kiasi gani kwa matengenezo bila kuomba ruhusa. Bila kikomo hicho ama fundi atasubiri wiki mbili mpaka mmiliki aamke upande wa pili wa dunia na kujibu ujumbe, ama bili za fundi zitapanda bila kipimo.

Kisheria nchi mbili jirani haziko sawa. Kenya ina sheria ya mawakala wa majengo, Sura ya 533, inayomtaka anayefanya kazi hiyo asajiliwe na bodi, kwa hiyo mmiliki aliyeko Toronto anaweza angalau kuuliza kama wakala wake yumo katika orodha. Tanzania imekuwa na sheria ya wathamini bila kuwa na sheria mahususi ya madalali na mawakala wa nyumba, na pengo hilo linaumiza pande zote mbili, mpangaji anayelipishwa fedha za kuonyeshwa nyumba ambazo hazipo na mmiliki asiye na mahali pa kumshtaki wakala aliyekaa na pango lake. Serikali ingefanya jambo la maana kuliziba, na kumtaka hasa kila wakala atenge akaunti ya fedha za wateja isiyochanganyika na fedha zake, kwa kuwa mawakala wengi walioanguka hawakupanga kuiba: walitumia pango la mteja mmoja kulipia tatizo la ofisi, wakitarajia kulirudisha.

Njia ya fedha na njia ya habari

Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka ya karibuni yameletwa na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu malipo ya simu yalipounganishwa na akaunti za benki, mpangaji wa chumba cha Kayole, Nairobi, au Tandika, Dar es Salaam, anaweza kulipa moja kwa moja kwa mmiliki, kwa namba ya biashara ambayo namba ya mlango ndiyo jina la akaunti. Msimamizi hagusi fedha, na ule mfuko wa ukoo ulioelezwa juu hupotea. Faida yake ni kubwa mno, lakini kuna kosa linaloambatana nayo: mmiliki akishaona fedha zinaingia, huacha kumpelekea msimamizi fedha za kutumia, na fundi bomba hatengenezi kwa ahadi. Fedha zikiacha kupita mkononi mwa msimamizi, ni lazima apewe fungu dogo la matengenezo linalojazwa kila risiti zinapoletwa.

Tofauti ya desturi za malipo nayo inafaa kutazamwa kwa macho haya. Nairobi mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi pamoja na dipoziti. Dar es Salaam ameagizwa kwa miaka mingi alipe miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mkupuo huu hutetewa kama kinga ya mmiliki, hasa aliye mbali, ambaye hawezi kufuatilia wadaiwa kila mwezi. Ukweli ni kwamba unamwondolea mmiliki kitu cha thamani kuliko urahisi huo. Malipo ya kila mwezi ni habari: yakichelewa, mmiliki anajua mapema kuwa mpangaji amepoteza kazi, amehama kimya kimya au amegombana na msimamizi. Aliyelipwa mwaka mzima hana sababu ya kuulizia nyumba mpaka mwaka uishe, na fedha zenyewe, zikiwa zimeingia kwa mkupuo, huwa zimekwisha kutumika shimo la choo linapojaa. Kwa mpangaji, mkupuo ni mateso ya wazi, na serikali ingekuwa na haki kuuwekea mpaka.

Habari nyingine husafiri kwa picha, na wamiliki huziamini kupita kiasi. Picha huonyesha kile ambacho mpigaji alitaka kionekane. Sebule iliyopakwa rangi mpya hupendeza kwenye simu, wakati uharibifu wa nyumba huanza mahali ambapo hakuna anayepiga picha: chini ya sinki ambapo ubao umevimba, kwenye kona ya dari chini ya kofia ya bati, kwenye kifuniko cha shimo la maji taka kilichozama kidogo, nyuma ya soketi iliyoanza kuwa nyeusi. Mmiliki anayedai picha za mahali palepale kila baada ya miezi mitatu, na moja zaidi kabla ya masika, hujua hali ya nyumba yake kuliko yule anayetumiwa video ndefu za uani. Msumari mmoja wa bati uliolegea huingiza tone la maji. Mwaka wa kwanza huonekana doa la rangi ya chai kwenye siling bodi, wa pili bodi hupinda, wa tatu maji hufikia nyaya za umeme, na kazi iliyokuwa ya gharama ndogo huwa ya kuezua upande mzima.

Umeme wenyewe una mafunzo yake. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, wapangaji huchangishana kununua yuniti, na ugomvi juu ya mwenye friji na anayepiga pasi kila asubuhi hufukuza wapangaji wazuri kuliko ukubwa wa pango. Tangu Julai 2021 mita hiyohiyo imekuwa njia ya kukusanyia kodi ya majengo Tanzania Bara, kwanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kuwa 1,500 na 7,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba, hivyo isipopunguzwa kwenye pango, maskini humlipia mwenye mali. Kiasi ni kidogo kwa mmiliki wa mbali na pengine hakijui, lakini wapangaji wanakijua kila wanapoingiza tokeni, na mmiliki anayekirudisha bila kuombwa hununua nia njema ya mwaka mzima kwa shilingi 18,000.

Sheria, kodi na kifo

Mmiliki aliye mbali hutenda kwa mkono wa mtu mwingine, kwa hiyo anahitaji hati ya uwakilishi, yaani maandishi yaliyothibitishwa kisheria yanayompa mtu mamlaka ya kufanya mambo yaliyotajwa kwa niaba yake. Hati inayosema kuwa mwakilishi anaweza kufanya jambo lolote ni hatari, kwa kuwa jambo lolote ni pamoja na kuuza. Inayofaa hutaja kupangisha, kukusanya, kudai barazani au mahakamani na kutengeneza, na hukaa kimya juu ya kuuza na kuweka rehani au huvikataza kwa jina. Tena mamlaka hayo hufa pamoja na aliyeyatoa. Mmiliki akifariki ughaibuni, ndugu anayeendelea kukusanya pango kwa hati ileile hana mamlaka tena, na mjane na watoto hawana budi kufungua mirathi kabla ya mtu kuweza kupokea fedha kihalali. Familia nyingi hujifunza jambo hili katika wiki mbaya kuliko zote.

Matendo ya mwakilishi humrudia mmiliki. Msimamizi anayeezua bati au kung'oa mlango ili kumtoa mdaiwa bila amri ya chombo chenye mamlaka humwingiza mwenye nyumba katika kesi ambayo hakuijua. Kuna pia suala la muda: Kenya na Tanzania zote zina kanuni ya miaka 12, ambapo mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi na bila ruhusa kwa muda huo anaweza kumzuia mmiliki kuidai. Mkataba ulioandikwa, hata wa pango dogo, humlinda mmiliki kwa sababu unaonyesha kwamba aliyemo amekaa kwa ruhusa. Jamaa aliyeachiwa nyumba kwa maneno, na wanawe baada yake, wako katika hali yenye utata zaidi.

Katika kodi kosa la kawaida ni kudhani kwamba uraia ndio unaoamua. Kinachoamua ni ukaazi, ambao Kenya na Tanzania huupima kwa vigezo vinavyofanana, mojawapo kikiwa kuwapo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Mkaazi wa Kenya mwenye pango la makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024, ambapo awali ilikuwa 10. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote. Tanzania kodi ya zuio, ambayo ni kodi inayokatwa na mlipaji kabla fedha hazijamfikia mpokeaji, ni asilimia 10 kwa mkaazi na 15 kwa asiye mkaazi. Nchi anayoishi mmiliki nayo huweza kuyadai mapato hayohayo, na Marekani hudai mapato ya raia na wakaazi wake popote yalipopatikana.

Uraia, hata hivyo, una uzito wake katika umiliki. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, na Sheria ya Ardhi haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo Mtanzania aliyechukua pasi ya nchi nyingine huku akiacha nyumba kwa jina lake ameishi kwa wasiwasi wa miaka mingi, wasiwasi ambao mpango wa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania umekusudiwa kuupunguza.

Mpangaji kama shahidi

Katika mijadala yote hii mpangaji hutajwa kama hatari, mtu wa kuchunguzwa na kudaiwa. Ni kosa la kimsingi. Mpangaji ndiye mtu pekee anayeiona nyumba kila siku na ambaye maslahi yake katika paa zima na choo kinachofanya kazi ni makubwa kuliko ya msimamizi, hata kuliko ya mmiliki mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayelowa. Utafiti wa Sumila Gulyani na Debabrata Talukdar juu ya makazi duni ya Nairobi, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kuwa asilimia 92 ya kaya hizo ni za wapangaji, wanaolipa pango kubwa kulingana na kipato chao kwa nyumba mbovu. Fedha hulipwa kwa uaminifu mkubwa, na huduma hairudi, kwa sababu kati ya mlipaji na mwenye nyumba hakuna njia ya kusemea isipokuwa msimamizi wa ploti, ambaye kazi yake ni kukusanya.

Gharama ya ukimya huo huweza kuwa uhai. Jengo la ghorofa sita la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa na kuua watu wapatao 50, lilikuwa tayari limetajwa kuwa si salama, na bado vyumba vyake vilipangishwa na pango likakusanywa. Mmiliki awe mtaa wa pili au bara la pili, nyufa huonwa kwanza na wanaolala ndani.

Kwa hiyo namba ya simu ya mmiliki, au ya mtu wa tatu asiye msimamizi, inastahili kuandikwa ndani ya kila mkataba, na mpangaji aambiwe wazi kwamba kutoa habari ya ubovu hakutamfukuzisha. Anapoingia, yeye na msimamizi watie saini orodha ya hali ya nyumba, vitasa, swichi, vioo, mabomba na rangi, ili anapotoka dipoziti yake isiwe zawadi ya msimamizi. Wamiliki huogopa kuwa wapangaji watapiga simu kila siku kudai mambo madogo. Simu hizo ndizo ukaguzi wa bei nafuu kuliko wote.

Hesabu ya mwisho ni ya shilingi. Chukua nyumba ya vyumba sita Tanzania ambayo kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, yenye pango la shilingi 3,600,000 kwa mwaka ikijaa. Asilimia 10 ya msimamizi ni 360,000. Pango la mwezi mmoja lililotengwa kwa matengenezo ni 300,000. Kodi ya asiye mkaazi kwa kipimo cha asilimia 15 ni 540,000. Zinabaki 2,400,000, theluthi mbili, kabla ya kuhesabu chumba kilichokaa tupu. Mmiliki wa mbali anayepanga maisha yake kwa kutegemea zile milioni tatu na laki sita atakula fungu la msimamizi, la serikali na la bati, kwa mpangilio huo, kisha atashangaa nyumba imechakaa. Nyumba ambayo pango lake haliwezi kumlipa msimamizi, kutunza paa na kulipa kodi haimfai mtu anayeishi mbali nayo, na ni heri aiuze mapema ingali na thamani, au awaandikie ndugu zake hati ya kukaa humo na aache kuiita biashara.